Nesi Silvana Tadei, Mkunga Aliyekataa Kuisingizia Saa
(1926–1983)

Baba Paroko, wazee wetu wote, shikamooni. Ninyi mliotoka Ilemba na Juhudi mkapanda milima ya Lyamba lya Mfipa kwa mguu na kwa malori ya mahindi, poleni kwa safari na karibuni Kate. Haya ni maisha ya mama yetu Silvana, binti Tadei. Familia imekubaliana yasomwe yote, pamoja na yale ambayo watu wamekuwa wakiyasema pembeni miaka saba sasa, maana marehemu hakupenda kitu cha pembeni. Alikuwa akisema, kama una neno, lilete mezani.

Mama huyu hakuogopa nyoka wala mafuriko ya bondeni, na hata kufa alikuwa hakuogopi. Aliogopa kitu kimoja tu: kufa jina lake likiwa nje ya kitabu. Kitabu chenyewe kiko Dar es Salaam, ni rejista ya wauguzi na wakunga. Mtu akisomea kazi hiyo na kufaulu, Baraza linalosimamia wauguzi linamwandika humo jina na namba, na bila namba hiyo huruhusiwi kujiita mkunga hata kama umezalisha tarafa nzima. Namba yake ilikuwa 317. Wanawe waliijua kabla hawajajua kuandika majina yao.

Alizaliwa hapa hapa Kate tarehe 8 Septemba 1926, mtoto wa tano wa Mzee Tadei na Bibi Maria. Wazazi wake walikuwa wakulima wa ulezi na mahindi, watu wa kuinua matuta ya ntumba, wanafukia majani ardhini mwaka huu ili wale mwaka ujao. Saa aliyozaliwa haijulikani. Bibi Maria alipoulizwa alikuwa anajibu tu kwamba kuku walikuwa wameshatoka. Jibu hilo lilimkera marehemu maisha yake yote, na wanaomjua wanajua hapo hatanii. "Kuku wametoka, sawa," alikuwa anasema, "lakini kuku wa nani?"

Mwaka 1936 aliingia shule ya masista, akasoma mpaka darasa la sita. Kwa binti wa wakati ule ilikuwa jambo la kushangaza, na shangazi zake walimwambia Mzee Tadei wazi kwamba anafuga ng'ombe asiyetoa maziwa. Mzee aliendelea kumpeleka. Alipomaliza alibaki kwa masista akiwa mfuaji wa mashuka hospitalini, na huko kwenye mashuka ndiko alikoanza kujua habari za uzazi, kabla hajaruhusiwa kuingia chumbani. Mwaka 1948 akaanza kusomea uuguzi na ukunga katika hospitali ile ile ya misheni.

Sista aliyemfundisha alikuwa Mholanzi, mkali kama pilipili. Kila mwanafunzi alipewa saa ndogo ya kubandika kifuani, inayoning'inia kichwa chini ili mwenyewe akiinamisha macho aisome. Siku ya kwanza aliwaambia maneno ambayo marehemu aliyarudia mpaka yakamchosha kila mtu: "Mtoto jina atapewa na baba yake, dini atapewa na padri. Saa unampa wewe mkunga. Usimpe ya uongo." Ndiyo maana mama huyu alikuwa anatazama saa kichwa cha mtoto kinapotoka, hata kama nyumba inaungua. Alifaulu mtihani mwaka 1951, na kitabu kilipokuja kufunguliwa, jina lake likaandikwa humo tarehe 4 Mei 1954. Akatumiwa cheti chenye mhuri na beji ya chuma. Ile beji aliing'arisha kwa majivu kila Jumapili kabla ya misa.

Umri ukawa unakwenda. Alipofika miaka ishirini na tisa watu walishamkatia tamaa, wakasema ameolewa na beji. Ndipo akatokea Mzee Flavian, seremala, mtoto wa wafua chuma, mtu wa maneno machache. Alikuja hospitali kutengeneza kitanda cha kuzalia. Nesi Silvana akakilalia mwenyewe kukipima, akasema kimepinda. Flavian akakibomoa akakiunda upya, akaambiwa bado. Mara ya tatu akauliza kama kitanda kimepinda kweli au nesi anataka fundi asiondoke. Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 12 Novemba 1955, na Mungu akawajalia Kalista, Adolfu na Rafaeli. Kila mmoja ana saa yake imeandikwa.

Januari 1956 alipelekwa zahanati ya Ilemba, kule chini bondeni kwenye joto, na akakaa miaka ishirini. Mengi mnayajua ninyi mliozaliwa mikononi mwake. Alikuwa mkali, tusidanganyane. Mwanaume akija amelewa wakati mkewe ana uchungu, alikuwa anapewa ndoo akachote maji, na akirudi anapewa nyingine, mpaka pombe imwishe. Mama asiyekuja kliniki alifuatwa mpaka shambani. Ila hakuna mama aliyetukanwa kitandani pake. Akina mama wa bondeni wanasema hospitali nyingine ukilia unaambiwa nyamaza, kwa Nesi Silvana ukilia anakwambia lia vizuri, pumua, lia tena.

Sasa tuje kwenye lile ambalo watu walikuwa wanalisemea pembeni.

Mwaka 1974 ilikuja operesheni ya vijiji. Mnakumbuka. Watu walihama na milango yao kichwani. Maili sita kutoka Ilemba kikaota kijiji kipya cha Juhudi, kaya mia tatu kwa mpigo. Ramani ya kijiji ilikuja, bendera ya chama ikaja, mwalimu akaja, zahanati ikaambiwa isubiri. Mkunga mwenye namba alikuwa mmoja, huyu huyu. Mimba haikusubiri ramani. Siku akiwa Ilemba na mama mmoja, wanakuja vijana wa Juhudi na baiskeli, kuna mwingine kule. Septemba mwaka huo walifariki mama wawili wa Juhudi njiani, mmoja akiwa kwenye machela, mwingine hata machela haijafungwa. Nesi Silvana aliwazika wote wawili, na aliporudi nyumbani hakula siku mbili.

Pale zahanati palikuwa na binti mfagizi, Kristiana, miaka ishirini na nne, darasa la nne. Kwa miaka sita alikuwa anachemsha maji, anashika taa, anashika miguu ya wazazi, na macho yake hayakuwa yamelala. Nesi Silvana akamfundisha yaliyobaki: kusikiliza moyo wa mtoto, kukinga msamba usichanike, kufunga kitovu, kujua lipi si lake na akimbize mtu Ilemba. Novemba akampa mkoba na kumkalisha Juhudi. Kristiana hakuwa na saa, hivyo mchana alikuwa anachukua wakati kwa kengele ya shule, ambayo Mwalimu Nsajigwa, kijana wa Kinyakyusa kutoka Tukuyu, alikuwa anaigonga bila kukosea, na usiku alikuwa anatuma mtu akaulize saa kwa mwalimu huyo huyo. Kila mtoto akizaliwa, kesho yake Nesi Silvana alikuwa anakwenda kwa mguu, anamkagua mama, anamkagua mtoto, halafu anaandika kwenye daftari la uzazi. Jina la mama, uzito, saa. Na pale penye jina la mkunga aliyezalisha, aliandika lake.

Hapo ndipo alipokosea. Alilisema mwenyewe, na hapa tunalisema kwa sababu alilisema. Kristiana hakuwa na namba, kuzalisha kwake kulikuwa marufuku kisheria, na sahihi ile haikuwa ya kweli. Watoto arobaini na mmoja walizaliwa hivyo ndani ya miezi minane. Hakufa hata mmoja, wala mama hata mmoja.

Tarehe 22 Julai 1975 alishuka mkaguzi kutoka mkoani, Ndugu Mbonile, naye mtu wa Rungwe kama Mwalimu, muuguzi kabla hajawa ofisa. Hakuwa mtu wa makelele. Aliomba uji, akaomba daftari, akakaa kwenye benchi la wagonjwa tangu asubuhi mpaka jua la utosi, anafunua ukurasa mmoja mmoja. Kisha akamwita marehemu akamsogezea daftari.

"Mama, tarehe kumi na saba mwezi wa sita umezalisha Juhudi, saa nne kamili. Saa nne na dakika kumi umezalisha hapa Ilemba. Ni maili sita. Serikali iliwaletea ndege bila kuniambia?"

Mnaona kosa lake lilivyokuwa? Mjanja wa mjini angeandika saa tano, angeandika mchana, nani angejua. Lakini mama huyu kuandika saa ya uongo alishindwa. Kengele ya mapumziko iligonga saa nne, mtoto akatoka na kengele, akaandika saa nne. Mikono aliweza kuidanganyia, saa ya mtoto hakuiweza. Alikamatwa na ukweli wake mwenyewe.

Na Ndugu Mbonile, Mungu amweke, hakuja kumtafutia kosa. Alifunga daftari akashusha sauti. "Mama, saa hizi za zamani zinasimama. Niambie ilisimama siku ile. Nitaandika ilisimama, nipande gari yangu niondoke."

Mlango ulikuwa wazi namna hiyo. Watu wazima wameapa uongo mbele ya hakimu kwa madogo kuliko hayo. Marehemu akaibandua saa kifuani, akaisogeza sikioni kwa mkaguzi.

"Sikiliza, baba. Imesimama?"

Mkaguzi akasema inakwenda.

"Basi usiisingizie. Nikisema saa ni mbovu, watoto wote wa bonde hili tangu mwaka hamsini na sita hawajui walizaliwa lini. Saa haijasema uongo. Aliyesema uongo ni mwenye saa."

Akaeleza yote, kuanzia mama wa kwanza mpaka wa arobaini na moja.

Habari ikafika Juhudi kabla ya vumbi la Land Rover kutulia. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Oswaldi, ambaye yuko nasi hapa na ameruhusu jambo hili lisomwe, alikuja mbio Ilemba na njia nyingine ya kutokea. Alitaka isemwe kwamba Kristiana aliiba mkoba, akawa anazalisha kwa siri, na Nesi Silvana alidanganywa. Mzee alikuwa anaona anaokoa. "Yule ni mfagizi," alisema. "Atapoteza nini? Ufagio?"

Kristiana mwenyewe, aliyekuwa ameshaitwa arudi kutoka Juhudi, alikuwa amesimama mlangoni, na ufagio kweli anao mkononi. Marehemu hakumtazama Kristiana, alimtazama Mwenyekiti.

"Huo ufagio umezalisha watoto arobaini na mmoja kijijini kwako, Ndugu Mwenyekiti. Mmoja ni wako. Nenda kamwangalie kama ana vumbi."

Mzee Oswaldi alirudi Juhudi bila kuaga. Jana ameshusha hapa gunia zima la unga, amelibeba mwenyewe kutoka barabarani.

Barua ya Baraza ilifika tarehe 9 Februari 1976. Jina lake linatolewa kwenye kitabu kwa miaka miwili, kuanzia tarehe 1 Machi 1976 mpaka tarehe 1 Machi 1978. Arudishe beji na cheti. Asijiite mkunga wala asifanye kazi ya mkunga. Ukisikia hivyo damu inachemka. Wamempa mtu mmoja vijiji viwili, halafu wanamuuliza kwa nini hakujigawa. Vijana wa Ilemba walitaka kwenda mkoani kuimba barabarani. Yeye akawazuia. Akasimama kwenye baraza ya zahanati siku ya kliniki, akawasomea akina mama barua ile tangu tarehe mpaka sahihi, hakuruka mstari. Kisha akafungua beji.

"Wamefanya sawa," aliwaambia. "Mkinisifu leo kwa jambo hili, kesho atatokea mwingine ampe mkasi mtu ambaye hakumfundisha, atasema hata Silvana alifanya. Mimi nilimjua Kristiana. Kitabu hakimjui. Na ninyi mkilala pale kitandani mnaamini kitabu, hamniamini mimi."

Akina mama walilia. Yeye hakulia pale. Mzee Flavian ndiye anayejua alilia wapi, na hajasema.

Kwenye barua yake ya kukiri aliomba kitu kimoja tu, na hakukiomba kwa ajili yake: Kristiana apelekwe kusoma. Ndugu Mbonile aliisukuma barua ile kwa mikono miwili. Agosti 1976 Kristiana akaenda kwenye kozi ya wakunga wa vijijini, miezi kumi na minane, na viatu vyake vya kwanza vya kamba alinunuliwa na mtu aliyekuwa hana mshahara.

Nyumba ya zahanati ilikuwa ya serikali, wakatakiwa kuondoka. Wakahamia Juhudi, Mzee Flavian akajenga jirani na shule, wakalima mahindi na ulezi. Asubuhi kengele ikigonga, marehemu alikuwa anapita dirishani kwa Mwalimu Nsajigwa na jembe begani. "Mwalimu, kengele yako imenifukuza kazi, na bado unaigonga?" Mwalimu maskini alikuwa anaona haya, siku za kwanza alitaka hata kuigonga polepole. Alipigwa marufuku. Aliambiwa shule ikichelewa atashitakiwa.

Na hapa yasemwe na mengine. Maneno yalikuwepo. Wapo waliomwita mkunga aliyefukuzwa. Wapo waliosema watoto wamekufa mikononi mwake ikafichwa. Baadhi yenu mmekaa humu na vitenge vya heshima kichwani. Tusitazamane. Alijua nani alisema nini, na bado alikuwa anawasalimia.

Mkunga aliyewekwa Ilemba alikuwa peke yake kama alivyokuwa yeye. Basi mama mwenye uchungu akimgongea Nesi Silvana, alikuwa anatoka na kikapu chake, anamshika mkono, wanakwenda naye maili sita kwa mguu, anampa maji, anamwambia pumua, lia vizuri. Wakifika zahanati ya Ilemba alisimama kwenye ngazi. Ndani haingii. Alikaa kwenye ile ngazi aliyoifagilisha miaka ishirini, anasubiri asikie mtoto, akishasikia anatazama saa, anaondoka. Ile saa ilikuwa mali yake, hawakumnyang'anya.

Tarehe 11 Oktoba 1977 aliyemgongea alikuwa Sekela, mke wa Mwalimu Nsajigwa, mimba ya kwanza. Jua lilikuwa kali, mvua bado. Wakatoka na wanawake wengine wawili. Walipofika kwenye mto mkavu, karibu nusu ya njia, Sekela akashindwa kunyanyua mguu. Wakamlaza kwenye mchanga. Marehemu akainama kutazama, na kilichokuwa kinakuja hakikuwa kichwa. Mtoto alikuwa ametanguliza makalio.

Wale wanawake wawili wako hai, wamesimulia hivi. Nesi Silvana aliinuka akarudi nyuma hatua mbili, mikono ameishika mgongoni, mkono mmoja umeukamata mwenzake kama anamzuia mwizi. Ilikuwa imebaki miezi minne na siku kadhaa jina lake lirudi. Akigusa, wakisikia, jina huenda lisirudi tena, na mtu anaweza kufa usiku wowote. Alisimama pale na hofu yake yote. Sekela akageuza shingo mchangani akamwambia, "Mama, mimi huku sina mama."

Akaomba maji ya kunywa, akanawa nayo mikono mpaka kwenye kiwiko. "Leo unaye," akasema. "Usisukume mpaka nikwambie."

Mtoto wa namna hiyo ukimvuta unamuua. Kazi ni kumwacha ateremke mwenyewe kwa uzito wake, wewe mikono iko pale haifanyi kitu, na kutofanya kitu ndiko kugumu. Wanawake wanasema alikuwa anamwimbia mtoto taratibu kama anamwita kuku. Miguu ikatoka, mgongo ukatoka, mikono, na mwisho kichwa, naye akakiinua kwa vidole viwili. Kimya. Akampuliza, akamsugua mgongo kwa upindo wa kanga. Mtoto akalia mpaka mbayuwayu wakaruka kwenye kingo za mto. Marehemu akainamisha macho kifuani: saa saba na dakika thelathini na tano mchana. Karatasi hawakuwa nayo, akaandika kwa penseli juu ya kiberiti.

Binti ndiye huyu amekaa na wazazi wake safu ya pili. Anaitwa Ndimyake. Yuko sawasawa, msimtazame sana ana aibu.

Kesho yake, hakuna aliyemtuma, marehemu alidandia lori la mahindi la kijiji, likapanda Lyamba lya Mfipa mpaka Sumbawanga mjini. Akaingia ofisini kwa Ndugu Mbonile na vumbi lake, akaweka kiberiti juu ya meza.

"Nimezalisha bila jina. Saa hiyo hapo."

Ndugu Mbonile aliangalia kiberiti, akaenda kufunga mlango. "Mama, nani alikuona?"

"Mtoto."

"Mama yangu, mtoto wa siku moja."

"Ameniona. Mtu wa kwanza kumwona duniani ni mimi. Unataka aanze maisha anaficha jambo?"

Ndugu Mbonile yuko hapa, aliyaeleza haya jana kwenye matanga, na alipofika hapo alicheka. Aliandika taarifa siku ile ile. Jibu likarudi Januari 1978: mtu yeyote akikuta mama katika hatari na msaada uko mbali, kumsaidia si kosa, na Baraza halioni la kumshitaki. Ndugu Mbonile alikuwa ameomba pia kwamba kwa uaminifu ule jina lirudishwe mapema. Hilo likakataliwa. Watu wakanung'unika, yeye akafurahi. "Tarehe moja ni tarehe moja," alisema. "Ningepewa ya Januari ningeona nimeiba."

Jina likarudi tarehe 1 Machi 1978, namba ile ile 317. Mwezi huo huo Kristiana alifaulu, naye akaandikwa. Juhudi wakati huo ilishapata zahanati, matofali ya kuchoma, nguvu za wananchi, milango ya Mzee Flavian. Walifanya kazi humo wote wawili miaka mitatu na nusu, ile miaka ya vita na foleni za sabuni, wanachemsha uzi mara tatu. Ukifungua daftari la Juhudi leo utakuta sahihi mbili, hii ya Silvana, hii ya Kristiana, na hakuna penye utata. Siku ya kwanza Kristiana aliposhika kalamu kuandika jina lake kwenye safu ya mkunga, alidondosha wino. Marehemu alimwambia aliache doa, lisifutwe. Lipo.

Alistaafu tarehe 30 Septemba 1981, wakarudi hapa Kate. Mwaka uliofuata miguu ikaanza kuvimba, pumzi ikawa fupi, madaktari Sumbawanga wakasema moyo umechoka. Alilazwa mara tatu. Wauguzi wa pale wanamkumbuka, maana hakuna aliyemchoma sindano kabla hajaulizwa: "Namba yako ngapi, mwanangu?" Binti mmoja alijibu mara moja, tarakimu zote, kama mtoto anayetaja jina la baba yake. Marehemu akatoa mkono. "Choma," akasema, "hata ukikosea nitajua pa kukutafuta."

Juni mwaka huu aliomba arudishwe nyumbani. Kristiana alichukua likizo yake yote akaja kumuuguza. Wiki ya mwisho aliuliza swali moja kila asubuhi, kama ada ya leseni ya mwaka huu imefika na jina liko. Kila asubuhi Kristiana alimwonyesha stakabadhi. Siku ya Alhamisi, tarehe 14 Julai 1983, hakuuliza. Mchana aliibandua saa kifuani, akaiweka kwenye kiganja cha Kristiana, akamfunga vidole. Alifariki akiwa na mumewe na wanawe watatu.

Kristiana alimfumba macho, kisha akainamisha yake kwenye ile saa akasoma, akaandika. Saa tisa na dakika ishirini alasiri. Na chini ya hapo sahihi yake mwenyewe, na namba yake mwenyewe.

Marehemu ameacha mume, Mzee Flavian, ambaye jeneza hili ameliunda kwa mkono wake na kulipima mara tatu. Watoto wake Kalista, Adolfu na Rafaeli. Binti yake Kristiana, ambaye familia inamhesabu wa nne na asiyetaka aje aulize. Dada yake Luciana. Wajukuu kumi na mmoja. Na watoto wa bonde zima, ambao idadi yao iko kwenye madaftari na haihitaji kukisiwa.

Sheria inataka mkunga akifa Baraza liandikiwe, na beji irudishwe. Jumatatu barua itaondoka Sumbawanga, pamoja na beji, imeshang'arishwa kwa majivu. Jina la Silvana Tadei, namba 317, litatolewa kwenye kitabu kwa mara ya pili. Alichokiogopa hakikumpata. Alikufa akiwa ndani ya kitabu, na sababu ya kutoka imeandikwa pamoja na saa yake, saa ya kweli.

Zamu yako imekwisha, Nesi. Umekabidhi vizuri. Lala kwa amani.